Mstari Uliochapwa Mara Moja

Mashine yangu ya chapa ina uzito wa kilo mia saba na ishirini, bila kuhesabu gurudumu. Kwa miezi saba nilizunguka na pimamaji mkobani nikitafuta sakafu ya kuibeba. Niliingia maduka matupu, stoo, gereji mbili na chumba kimoja kilichokuwa saluni, na kila nilipoingia nilipiga magoti kwanza, nikaweka pimamaji chini, kisha nikagonga zege kwa kisigino. Wenye nyumba walinitazama kama mtu aliyedondosha hereni. Hawakuelewa kwa nini siulizi habari ya maji wala choo.

Aliyeipata sakafu hatimaye ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Yeye huchonga picha kwenye vipande vya lino, zulia laini kama mpira, na kuzichapa kwa wino mweusi. Watu huzitundika sebuleni. Alinipigia simu asubuhi nikiwa nakaanga mayai. "Wifi, njoo na hilo dude lako la kupimia. Nimekupatia sakafu, hata tembo akitaka kuruka kamba humu, aruke."

Kilikuwa kiwanda cha mikate kilichofungwa. Sakafu ilimwagwa nene kwa ajili ya tanuri, na ukuta wa nyuma bado ulikuwa na weusi wa moshi. Mlango ulikuwa wa mabawa mawili, mpana, wa kupitishia matoroli. Dirisha kubwa lilitazama mashariki. Siku za mvua kuta zilitoa harufu ya hamira. Niliweka pimamaji sehemu tisa, na mara zote tisa kiputo cha hewa kilikaa katikati. Nilisema tunakichukua.

Tulikuwa watatu. Mimi mpiga chapa, yeye mchongaji, na mfunga vitabu ambaye kila mtu anamwita Gundi, hata mkewe, kwa sababu aproni yake ilishakauka kwa gundi kiasi kwamba ukiivua inasimama yenyewe. Tulikubaliana karakana iwe ya pamoja: kila mmoja na kona yake, na mtu yeyote mwenye kazi ya mkono aweze kuja kwa siku, atumie meza na mashine, aondoke na alichochapa. Mashine na makasha arobaini na mawili ya herufi za madini ya risasi vilikuwa vyangu. Nilipewa na kiwanda cha chapa nilichokitumikia miaka ishirini na miwili, siku walipoamua kwamba hawahitaji tena chochote kinachoshikwa kwa mkono, nami nikiwemo.

Mkataba wa chumba uliandikwa kwa jina la wifi. Ndiye aliyekipata, na ndiye aliyekuwa na muda wa kukaa ofisini kwa mwenye nyumba. Siku hiyo mimi nilikuwa nafungua mashine vipande vipande ili ipite mlango wa kule ilikokuwa. Sikuona ubaya wowote.

Wazo la kuifunga mashine sakafuni kwa boliti, mwezi wa tatu tangu tufungue, lilikuwa lake pia. Mashine ya kanyagio yenye uzito ule husogea nusu sentimita kwa mwaka, na ubao chini ya miguu yake unatosha kuizuia. Lakini wifi alisema tutakuwa na wageni, watakuja na watoto, na mtoto mmoja akibanwa mguu ndiyo mwisho wa karakana. Hoja ilikuwa nzuri. Nilitoboa matundu manne, nikapanda boliti nne kwenye saruji mbichi, naye akanishikia taa muda wote huo, akilalamika kwamba vumbi la zege linamzeesha.

Sheria zetu nilizichapa na kuzitundika karibu na sinki. Zilikuwa tatu. Nawa mikono kabla ya kushika karatasi. Kila kazi na mto wake mpya. Aliyetumia herufi azirudishe siku hiyo hiyo. Wifi alisimama mbele yake akasoma kwa sauti ya kamanda. "Mama Risasi," akaniita, "hata jeshini hawajafika huku." Jina likashika. Gundi akalitumia, na wageni pia.

Sheria ya pili inahitaji maelezo. Nyuma ya karatasi inayochapwa kuna karatasi nyingine sita au saba, zimebanwa kwenye bamba la chuma. Sisi tunaziita mto. Herufi zikigonga, alama huingia hadi kwenye mto. Mto mpya ni laini; mto uliotumika una vishimo vya kazi iliyopita, na ukichapa kazi nyingine juu yake, herufi zinazoangukia kwenye vishimo hutoka hafifu. Ndiyo maana hubadilishwa wote, kuanzia juu hadi chini. Wifi hakuwahi kulitilia hilo maanani. Lino ni laini, halichimbi, na yeye alizoea kubadilisha karatasi ya juu tu, ile yenye madoa ya wino.

Na sheria ya tatu ina jambo lake. Makasha ya herufi yaligawanywa visanduku na watu wa lugha nyingine. Yana kisanduku cha q na kisanduku cha x, ambavyo sisi hatuna kazi navyo, na kisanduku cha k ni kidogo mno kwa lugha ambayo haiwezi kumaliza sentensi bila k. Kwa hiyo mimi huweka k za ziada kwenye x, na w za ziada kwenye q. Pale kiwandani hakuna mwingine aliyefanya hivyo, walilundika tu. Nilimfundisha mtu mmoja, binti yangu, alipokuwa na miaka kumi na miwili, akisimama juu ya kreti ya soda ili afikie kasha. Sasa ana ishirini na minne. Alikuwa karani wa muda katika ofisi ya bima, na Jumamosi alikuja karakana kunisaidia kupanga.

Mwezi wa tano tangu tufungue, wifi alisikia kwamba kanisa moja, safari ya siku nzima kutoka kwetu, linafunga kiwanda chake cha chapa na kugawa herufi kwa atakayezibeba. Alinihimiza niende. Nilikaa siku nne, kwenda na kurudi. Herufi zilikuwepo kweli, lakini zilikuwa zimelika hadi nyuso zake ni butu. Zilifaa kuyeyushwa tu. Kama wifi alilijua hilo kabla, sina ushahidi, na sitalisema.

Nilirudi Jumatano asubuhi. Nilikuwa na kadi za harusi za kukabidhi kesho yake, herufi zake nilizipanga na kuzifunga kwenye fremu kabla ya kusafiri. Karatasi ya juu kwenye bamba ilikuwa safi. Nilikumbuka kuweka mto mpya Ijumaa, nikaamini ni ule ule. Nikapaka wino, nikaweka kadi ya kwanza, nikakanyaga.

Jina la bwana harusi lilitoka nusu. Nikadhani ni wino. Nikachapa ya pili: hafifu pale pale. Ya tatu vivyo hivyo. Wino ukikosea, hukosea kwa kuhamahama. Kosa linalokaa mahali pamoja liko nyuma ya karatasi. Nilifungua vibano, nikatoa karatasi ya juu, kisha ya pili. Ya pili ilikuwa imejaa vishimo.

Niliipeleka dirishani na kuishika kwa mshazari, jua la asubuhi likiipiga ubavuni. Ilisomeka kama ukurasa.

Ulikuwa mwaliko. Wageni wanaombwa kufika Jumamosi saa nne asubuhi kushuhudia kukabidhiwa kwa Chumba cha Kumbukumbu ya Chapa. Mashine ya zamani na herufi zake zitatunzwa humo, zisitumike tena, ili vizazi vijavyo vione kazi ilivyokuwa. Mwanzilishi: jina la wifi yangu. Mwongozaji wa wageni: jina la binti yangu. Chini, jina la shirika moja la utamaduni.

Nilisoma mara mbili. Kisha nilikwenda sinki nikanawa mikono, ingawa haikuwa na wino mwingi.

Kilichofuata ni kujua nani alipanga. Wifi hawezi kupanga herufi. Alijaribu mara moja, akasema ni kazi ya mchwa. Gundi haoni vizuri kitu kidogo kuliko sindano. Kwa ukubwa na umbo niliitambua herufi iliyotumika: kasha namba kumi na tisa. Nililivuta. Kila kitu kilikuwa mahali pake, kimerudishwa kwa utaratibu. Lakini kasha hilo lina k chache. Zote huenea kisandukuni mwake, na kisanduku cha x nilikiacha kitupu tangu nilipopewa kasha hilo. Sasa kilikuwa na k kumi na moja. Mtu aliyezirudisha alifanya alivyozoea, mkono wake ukaenda wenyewe.

Niliketi kwenye stuli. Jumatano hiyo, kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, ndipo nilipojua. Naiandika saa hiyo kwa sababu baadaye watu waliniambia nilikuwa nimeanza kuhisi zamani. Sikuwa nimehisi kitu.

Nilirudi kwenye karatasi na penseli. Ukisugua risasi ya penseli kwa ubapa, vishimo hubaki vyeupe. Vilikuwa vya kina kimoja, vya nakala kama mia mbili. Mkono wangu unajua tofauti ya mia na mia mbili. Isipokuwa chini kabisa, palipoonekana patupu. Pale penseli ilitoa mstari mwembamba ambao jua halikuuonyesha. Ulikuwa umegonga mara moja tu. Ulisema: Mashine na herufi ni mali ya, kisha jina langu kamili, kisha mpiga chapa wa karakana hii.

Maana yake ilikuwa wazi kwa yeyote wa kazi hii. Nakala ya kwanza ya kukagua ilikuwa na mstari huo. Nakala mia mbili zilizofuata hazikuwa nao.

Gundi aliingia saa tano, akaning'iniza koti, akaniuliza habari za safari. Nilimwambia ilikuwa kazi bure, herufi zimelika. Kisha nikamwonyesha karatasi. Aliisogeza karibu na pua, akaisogeza mbali, akavua miwani. Ndipo akaniambia kwamba wiki iliyopita wifi alimpa mkataba wa shirika aufunge kwa jalada la kitambaa, nakala tatu, na kwamba alijua tu kuna jambo la Jumamosi. Alidhani sisi wenyewe, watu wa familia, tumeshayamaliza.

"Mkataba unasemaje?"

"Mimi nilifunga tu, Mama Risasi. Sikusoma."

Nilimwomba anionyeshe. Nakala moja ilikuwa bado kwenye shinikizo lake la kubania vitabu, gundi ikikauka. Ilikuwa kazi safi, pembe zimekunjwa vizuri. Kifungu cha sita kilisema chochote kilichofungwa sakafuni au ukutani, siku ya kutia saini, kitahesabika kuwa sehemu ya chumba. Shirika linachukua chumba na sehemu zake zote. Saini zilikuwa bado.

Nilitazama boliti zangu nne. Nilipaka rangi ya kijivu vichwa vyake mwenyewe, ili visipate kutu.

Binti yangu hutoka kazini saa kumi na nusu. Nilimtumia ujumbe apitie karakana. Wakati nikimsubiri nilibadilisha mto, karatasi zote saba, nikachapa kadi za harusi hadi ya mwisho. Zilitoka vizuri. Bibi harusi hakuwa na kosa lolote.

Alifika na viatu vyake vya ofisini, amebeba mfuko wa machungwa. Alinisalimia, akauliza nimekula. Alipoiona penseli mezani na ile karatasi, aliweka machungwa chini taratibu. Nilimuuliza nani alipanga. Akasema yeye. Hakuhangaika kukana, na hilo nalihesabu upande wake. Alisema shangazi alimwambia mimi nalijua jambo lenyewe, ila naona aibu kulitangaza, na kwamba tukirudi kulizungumza nitaumia bure.

"Na wewe uliamini."

"Mama, nilikuwa napanga tu. Ukipanga husomi, si unajua. Unaona herufi moja moja."

Ni kweli. Mtu hupanga kinyumenyume, kichwa chini, na anaweza kumaliza ukurasa mzima asijue unasema nini. Nimewahi kupanga tangazo la kifo cha mtu niliyemfahamu na nikajua kesho yake. Lakini niligeuza karatasi nikaweka kidole kwenye mstari wa chini.

Aliinama akausoma.

"Huo haukuwa kwenye karatasi ya shangazi," akasema. "Niliuweka mimi."

"Nani aliutoa?"

Aligeuza macho kwenye machungwa.

"Nakala ya kwanza ina mstari. Mia mbili hazina. Nani aliutoa?"

"Shangazi alisema shirika halitakubali, kwamba ikiandikwa hivyo..."

"Sijauliza shangazi alisema nini."

"Mimi," akasema. "Niliutoa mimi."

Kwa hiyo alisoma. Mtu hawezi kuongeza mstari kwenye jambo asilolijua, na hawezi kuutoa asijue anatoa nini. Nilimwambia hivyo, kwa maneno hayo hayo, bila kupandisha sauti. Alianza kulia, akasema kazi ya bima inaisha mwisho wa mwezi, kwamba shirika litamwajiri kwa barua, kwamba amechoka kuwa wa muda. Yote hayo nadhani ni kweli. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia hata siku moja kati ya zile nne. Simu nilikuwa nayo.

"Kwa sababu ungesema hapana."

"Ningesema hapana."

"Basi."

Alichukua mkoba wake. Machungwa aliyaacha. Sikumzuia, wala sikumwambia aende.

Wifi alikuja Alhamisi saa mbili na nusu, amebeba mapazia mapya begani kama mtu aliyeteka bendera. Nadhani binti alishampigia, kwa sababu hakunitania. Aliyaweka mapazia mezani, akavuta stuli, akakaa ana kwa ana na mimi, magoti yetu yakikaribiana. Tumekaa hivyo mara nyingi: hospitali, msibani kwa kaka yake, na usiku ule binti alipozaliwa.

"Haya. Nitukane."

Nilimwambia sina matusi, nina maswali. Lini alianza kuzungumza na shirika? Akasema mwezi wa pili. Kabla ya boliti au baada?

"Kabla," akasema.

Nilitaka kulisikia kinywani mwake. Baada ya hapo sikuwa na haja ya maswali mengine, lakini yeye alikuwa na yake.

"Kadi za harusi ngapi mwezi huu, wifi?"

"Moja."

"Na mwezi uliopita?"

"Moja, na kipeperushi cha msiba."

"Na wale watu wa kuja kwa siku, tuliosema watajaa? Wamekuja wangapi?"

"Watano."

"Wawili kati yao walikuja kupiga picha na mashine." Aliinua vidole viwili. "Mwakani mwenye nyumba anapandisha kodi ya chumba hiki, tunatoka wote, na hilo lichuma lako linakwenda kwa wauza vyuma chakavu. Mimi nimelipatia pa kukaa maisha yake yote. Na mtoto nimempatia kazi yenye kiti. Kosa langu liko wapi?"

Hesabu yake haikuwa na dosari. Nililipitia kila jambo alilolisema, sikupata la kukanusha, na hilo ndilo lililoniuma kuliko mapazia, kuliko hata kifungu cha sita. Angekuwa mwongo ningejua la kufanya naye.

"Hukuniuliza," nikasema.

"Ungekataa."

"Ndiyo."

"Sasa ya nini kukuuliza?" Aliinama akanishika goti. "Wifi, wewe unaipenda mashine. Mimi nawapenda watu. Kila mtu na chake."

Niliutazama mkono wake. Una kovu la patasi kati ya kidole gumba na cha shahada. Nilimfunga mimi kitambaa siku alipojikata. Niliuondoa gotini pangu, si kwa nguvu.

"Shirika linakuja saa nne Jumamosi?"

"Saa nne."

"Basi hadi saa nne haijawa sehemu ya chumba."

Nilisimama nikachukua spana kubwa, namba ishirini na nne. Hakunizuia. Aliuliza nitaipeleka wapi, na alijua kwamba ni swali halali, maana yeye ndiye aliyeona nikipiga magoti kwenye sakafu za watu miezi saba. Nilipiga magoti kwenye nati ya kwanza.

Nati tatu zilifunguka kwa tabu ya kawaida. Ya nne ilikuwa imekula rangi na saruji ikakataa. Niliigonga, nikaitia mafuta, nikaning'inia kwenye mpini wa spana kwa uzito wangu wote, haikutikisika. Gundi alikuwa kwenye kona yake akijifanya anapima kadibodi. Baada ya muda alikuja na bomba la chuma, akalivika kwenye mpini kuurefusha, tukavuta wawili. Nati ikalia, ikazunguka. Gundi alirudi kwenye kadibodi yake. Wifi alikuwa amekaa pale pale kwenye stuli, ameyavuta mapazia mapajani.

Wabebaji walikuja Ijumaa, wanaume sita, wale wale walioileta. Kiongozi wao aliizunguka mashine, akakuna kichwa.

"Mama, si juzi tu tuliiingiza hii?"

"Mliiingiza. Leo mnaitoa."

"Ingekuwa na akili ingeshajua njia, ikatusubiri nje."

Wenzake walicheka. Nilitoa gurudumu, nikatoa roli za kupakia wino nikazifunga kwa blanketi, nikawaonyesha pa kushika na pa kutoshika. Mlango wa matoroli ulitosha, ukabaki upana wa kiganja kila upande. Makasha tuliyabeba mawili mawili, mimi mbele, Gundi nyuma, safari ishirini na moja hadi kwenye gari. Kasha likiinama, herufi elfu kadhaa humwagika na kuchanganyika, na kuzitenganisha ni kazi ya miezi. Gundi hakuinamisha hata moja. Safari ya mwisho ilipoisha alisimama kwenye kizingiti akijipangusa aproni, akasema yeye atabaki. Meza yake haikufungwa popote, lakini wateja wake wameshaizoea njia. Nilimwambia naelewa. Nilielewa kweli.

Matundu manne yalibaki sakafuni, na boliti zimesimama ndani yake. Jumamosi hiyo shirika lilikuja, nimeambiwa, na mwaliko ukasomwa kwa sauti, na wageni wakaonyeshwa picha za wifi ukutani. Saini ziliahirishwa. Baadaye shirika lilichukua chumba hata hivyo, kwa maonyesho ya uchongaji. Binti yangu ndiye mwongozaji wa wageni. Ana barua ya ajira.

Sasa ni mwezi wa nne tangu nihame. Mashine iko chini ya turubai kwenye banda nyuma ya nyumba ya kaka yangu, juu ya magogo manne, kwa sababu sakafu ni udongo. Nilijaribu kuchapa nayo mara moja. Kufikia nakala ya thelathini upande wa kushoto ulikuwa umezama, na kiputo cha hewa cha pimamaji kimekimbilia ukingoni. Nimeacha. Nimerudi kuzunguka, kupiga magoti kwenye sakafu za watu. Makasha nimeyapanga chumbani kwangu kutoka chini hadi juu, yamebakisha nafasi ya kitanda na njia ya upande mmoja.

Wiki iliyopita nilianza kuyakagua moja moja, kama inavyopasa baada ya kuhama. Nilipolivuta namba kumi na tisa hadi mwisho, niliona halikuwa sawasawa. Kulikuwa na kitu kimebanwa kwenye ufa wa ubao wake wa nyuma. Niliingiza mkono nikakitoa. Ulikuwa mstari mmoja wa herufi, umezungushiwa uzi mara nne, ncha ya uzi imechomekwa kwenye pembe bila fundo, kama nilivyomfundisha kwenye kreti ya soda. Kila mstari mwingine siku ile aliurudisha visandukuni. Huu hakuurudisha. Aliutoa kwenye fremu, akaufunga, akauficha mahali ambapo ni mimi tu ningepafikia.

Niliusoma kinyumenyume. Mashine na herufi ni mali ya, jina langu, mpiga chapa wa karakana hii.

Ulifungwa vizuri, hauna herufi hata moja iliyolegea. Sijui alikusudia nini, naye hakuniambia. Amenipigia simu mara mbili tangu hapo, tukazungumza habari za afya ya kaka yangu. Nilikaa na ule mstari kiganjani hadi risasi ikapata joto.

Karakana hiyo haipo, na aliyetumia herufi azirudishe. Nilivuta ncha ya uzi. Nikaanza mwanzo wa mstari, herufi moja moja, kila moja kisandukuni mwake, na nilipofika mwishoni, k mbili za neno karakana mkono wangu ulizipeleka kwenye x.